Katumbukiza noti ya elfu kumi kwenye ndoo ya oili chafu mbele ya watu, halafu mwizi niwe mimi!

Fundi_Mashine_Kirumba

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Herufi zikiruka mnivumilie.

Kuna tajiri mmoja wa mitumbwi hapa Mwanza. Simtaji, wala hakuna haja. Umewahi kushuka mwaloni Kirumba alfajiri ukasikia mtu anagombana na wabeba dagaa kwa sauti inayovuka maji hadi Kamanga? Ndiye. Simu tatu mkononi, zote hazina salio. Ndiye huyo huyo.

Leo saa saba mchana kibanda kimejaa. Mama ntilie anagawa ugali na sato, vijana wangu wako kwenye kabureta, wavuvi wanasubiri mashine zao za mitumbwi. Bwana mkubwa kaingia, hodi hakuna, salamu hakuna. "Nataka mashine yangu." Nikamwambia kwa heshima, karibu tajiri, tumalize hesabu uondoke nayo hata sasa hivi. Akachomoa noti moja ya elfu kumi. Akainyoosha juu, kila mtu aione. Halafu AKAITUMBUKIZA KWENYE NDOO YA OILI CHAFU.

"Chukua ukanywe soda, mwizi wewe."

Kijiko cha mama ntilie kilisimama hewani. Yule tembo wa kwenye noti ananiangalia kutoka kwenye oili nyeusi tii, anazama taratibu mkonga ukiwa wa mwisho. Miaka 19 nashika spana, sijawahi kutumbukiziwa noti kwenye ndoo.

Mashine yenyewe ni ya mtumbwi, ya nguvu farasi 40. Ililetwa kwenye toroli mwezi wa pili, imekufa kabisa, vijana wake walitia petroli tupu bila kuchanganya oili. Nilipofungua, pistoni ya juu imechunika ubavu kama muhogo uliomenywa kwa panga, na impela ya pampu ya maji imebaki na mabawa mawili. Pistoni, ringi, gasketi, impela, vyote nimenunua kwa hela yangu: 410,000. Ufundi 270,000. Jumla 680,000. Na bado ananidai... samahani, NAMDAI 150,000 ya ile mashine yake ndogo ya mwaka jana, aliichukua kwa maneno matamu.

Nikimpigia simu anapokea mtoto: "Baba yuko Ukerewe." Miezi minne! Huyo baba amekaa Ukerewe kuwashinda Wakerewe wenyewe.

Sasa mashine nimeifunga mnyororo kwenye nguzo. Haitoki. Amesema kesho anakuja na askari. Aje nao hata gari zima. Na ikifika Ijumaa hajalipa, NAIUZA.

Elfu kumi. Kwenye ndoo. Mbele ya mama ntilie.

Dagaa_Mkavu

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, nina swali moja. Noti uliitoa au hukuitoa?

Fundi_Mashine_Kirumba

Haihusiani na mada.

Dagaa_Mkavu

Aliitoa.

Kijana_wa_Igoma

Kaitoa, kaiosha na petroli, kaianika juu ya bati 😂😂

Fundi_Mashine_Kirumba

Nimeitoa IWE USHAHIDI. Ipo kwenye kopo, na oili yake.

Mzee_wa_Baraza

Mleta mada pole, ila punguza moto nikueleze, maana hapo kwenye "naiuza" unakwenda kujichimbia kaburi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakulinda. Mtu akikukabidhi mali yake uifanyie kazi ya ujuzi au ya nguvu, ukaimaliza kama mlivyokubaliana, unayo haki ya kuishikilia mpaka akulipe ujira wa kazi hiyo. Huo si wizi. Hata Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 9, inasema aliyeshika mali akidai haki yake kwa nia safi, bila kukusudia kudanganya, hana kosa la jinai kwa hilo. Kwa hiyo askari akija, usikimbie na usitukane. Toa daftari la kazi, toa risiti za vipuri, mwambie hili ni deni, ni la madai.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Unashikilia kwa deni la kazi ya mashine HIYO tu. Ile 150,000 ya mashine ndogo usiichanganye hapa, ulishaiachia na haki ikaondoka nayo. Haki ya kushika mali kwa deni lolote lile ni ya watu kama mabenki na mawakili, siyo ya fundi. Pili, kushika siyo kuuza. Ukiiuza kienyeji umeuza mali ya mtu, hapo hilo neno mwizi litapata pa kukaa. Tatu, uitunze kama mali yako. Ikiibwa kwa uzembe wako au ikapigwa mvua ikaoza, utailipa wewe.

Na swali: ulimpa muda wa kulipa?

Fundi_Mashine_Kirumba

Ahsante mzee wangu, Mungu akuweke. Muda, nilimwambia tu sawa tajiri, utalipa mwisho wa mwezi wa tatu. Ubinadamu.

Mzee_wa_Baraza

Ahaa. Ukishakubali kazi iwe ya mkopo, huwezi tena kuzuia mali ndani ya muda huo uliompa. Huo muda umepita, lakini wakili wake ataanzia hapo hapo, atasema ulikubali kumkopesha na kushika mali hakukuwa kwenye makubaliano. Uliandika?

Fundi_Mashine_Kirumba

Nani anaandikishana na tajiri mwaloni mzee wangu? Neno ni neno. Mimi nilimwamini, yeye kanilipa kwa ndoo ya oili!

Shemeji_wa_Ilemela

Mbona mashine ya 40 nimeiona Igombe Jumamosi, imefungwa kwenye mtumbwi wa kaka yako?

Fundi_Mashine_Kirumba

Nilikuwa naijaribu. Mashine ikitengenezwa lazima ijaribiwe majini, muulize fundi yeyote.

Shemeji_wa_Ilemela

Na magunia ya mkaa ishirini?

Fundi_Mashine_Kirumba

Inajaribiwa IKIWA NA MZIGO.

Kijana_wa_Igoma

😂😂😂 nimekaa paleee, mama ntilie niletee sato

Mzee_wa_Baraza

Ndugu yangu, umenivunja nguvu. Wewe unashikilia mali ya mtu tu, hukuruhusiwa kuipangisha wala kuipakia mkaa. Ikiharibika safarini hata kwa bahati mbaya, ni juu yako. Na tajiri akithibitisha ulikuwa unaitumia, atakudai hela, na hoja yako ya nia safi mbele ya askari inapwaya. Iache kwenye mnyororo. Mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, nakala ubaki nayo. Asipolipa fungua shauri la madai Mahakama ya Mwanzo. Na kesho asiichukue mashine kwa maneno, ikitoka tu umebaki na kopo lako la noti.

Fundi_Mashine_Kirumba

Barua nitaandika. Ila mzee, la kuitwa mwizi mbele ya watu linalipwaje? Vijana wangu wamenyamaza mchana kutwa, hakuna aliyenitazama usoni. Mdogo ndiye aliyeingiza mkono kwenye ndoo akaitoa ile noti, mimi sikuweza.

MamaSuti_Nyakato

Wewe una mashine, mimi nina suti SITA za wapambe. Rangi ya damu ya mzee, kola nyeusi. Alitanguliza elfu hamsini akapotea. Harusi imefungwa, watu walivaa za kuazima, na nasikia ndoa yenyewe imeshavunjika. Suti zinanitazama kila asubuhi. Hakuna mwanaume mwingine Mwanza nzima mwenye kiuno kama cha yule mpambe wa tatu. Mzee wa Baraza, na mimi nisiuze?

Mzee_wa_Baraza

Kitambaa ni cha nani mama?

MamaSuti_Nyakato

Cha kwake.

Mzee_wa_Baraza

Basi usiuze. Shika, dai.

Binti_Pasiansi

Ninyi mafundi leo mmejigeuza malaika? Fundi wa huku kwetu alizuia TV yangu ya inchi 43 kwa deni la 35,000. Nikasema sawa, nitafute hela. Siku nimeipata naenda, kibanda kimefungwa. Naambiwa yuko bandani. Nafika BANDA LA MPIRA Mabatini, TV yangu iko ukutani, watu arobaini wamekaa kwenye mabenchi wanalipa mia tano mia tano. Stika ya mwanangu bado ipo pembeni ya kioo! Nimelia pale mpaka wakaniambia nihame, nimewaziba.

Dagaa_Mkavu

Mia tano mara arobaini ni elfu ishirini. Mechi mbili deni limekwisha na chenji juu.

Binti_Pasiansi

Na bado alitaka 35,000 yake!

Fundi_Mashine_Kirumba

Dada pole, ila wakuu mada ni NOTI KWENYE NDOO. Na mtu huyo mnamjua wote, kesho saa nne anakuja na askari, mwenye nafasi apite awe shahidi.

Kijana_wa_Igoma

Binti, banda lipi hilo? Lile karibu na mashine ya kusaga? Picha yake kali sana aisee, nilikuwa najiuliza wametoa wapi TV ile.

Binti_Pasiansi

NI YANGU HIYO. Bado ipo??

Kijana_wa_Igoma

Ipo. Jana tumeangalia.

MamaSuti_Nyakato

Twende wote binti, mimi nitabeba mkasi.

Dagaa_Mkavu

Leo mechi saa ngapi?

Kijana_wa_Igoma

Saa moja usiku. Wahini, mabenchi ya mbele yanajaa mapema.