Ati MANDHARI ni sehemu ya mshahara!! Marubani tusaini ama tusisaini?

RubaniMdogo_Manda
Wadau nimetoka mkutanoni sasa hivi, naandika niko gatini nangoja boti na mikono yanitetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimepandana mnisamehe. Yule bwana, bosi wetu sisi marubani, mnamjua. Sitamtaja. Yule mwenye miwani ya jua anayoivaa juu ya paji la uso, ambayo sijawahi kuiona machoni hata siku moja, hata saa saba mchana kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Manda.

Katuita Shela, hapa hapa Lamu, juu darini kwenye hoteli ya rafiki yake, nauli ya boti kutoka mjini tumejilipia wenyewe, nasi tukaenda mbio mbio tukidhani leo kuna la maana kwa vile haya mazungumzo ya mshahara yalianza wakati wa kusi na sasa kaskazi yavuma. Tumekaa. Kaagiza dafu. Moja wallahi, lake. Kisha katoa karatasi: nyongeza ya asilimia 4, na si kwa mwaka jamani, ni kwa miaka mitatu yote, na tusaini kabla ya Ijumaa la sivyo hata hiyo yaondoka. Kukawa kimya. Kuna kapteni mmoja mtu mzima, mtu wa staha zake, kauliza kwa adabu, bwana, na maisha yalivyopanda? Hapo ndipo yule bwana kalifyonza dafu lake fyoooo mpaka likalia ndani, kanyosha kidole kuelekea baharini, majahazi yale, mikoko ya Manda ng'ambo kule, akasema:

"Hii pia ni sehemu ya mshahara wenu."

MANDHARI!! Mwenzenu nalipwa mandhari!

Sasa mwisho wa mwezi niende kwa mwenye nyumba Langoni nimwambie mzee geuka uangalie bahari, hiyo ni kodi, na chenji baki nayo. Loni niliyosomea urubani nayo nitawapigia picha ya machweo niwatumie.

Na hiyo asilimia 4 yenyewe, hauzing levi, makato ya nyumba ya serikali, yala 1.5, SHIF ya bima ya afya yala 2.75, jumlisheni, ni 4.25. Yaani nimepandishwa mshahara na bado nadaiwa robo.

Halafu twalipwa kwa saa za kuruka, na saa yaanza ndege ikisogea, yafa ikisimama. Abiria boti yake ikizimika katikati ya mkondo tukamngoja, bure. Uwanja wa Wilson kule Nairobi ukifunga mawingu tukakaa, bure. Tukipanga masanduku kwenye Karavani, ndege yetu ndogo, na jua la utosini, bure. Lakini si naangalia mandhari!

Ile sauti ya dafu jamani. Fyoooo. Kabla ya kujibu. Yaani swali la mtu mzima limengojeshwa dafu limalizike.

Semeni, tusaini ama tusisaini? Matusi ruhusa, yaelekezwe kwake.

Punda_wa_Langoni
Nimesoma mpaka chini natafuta panapouma sijapaona. Rubani analia na sisi tunaobeba matofali je? Punda wangu anaangalia mandhari hiyo hiyo tangu azaliwe na hajawahi kufungua uzi

MamaMahamri
😂😂😂 Wenye madeni ya mahamri na mbaazi mmepona, leteni mandhari. Lakini pole mwanangu. Umekula?

RubaniMdogo_Manda
Sijala mama. Dafu lilikuwa moja.

HesabuZaMwalimu
Mkuu hasira nazielewa ila hesabu umeikosea. Levi ipo tangu 2023, SHIF tangu Oktoba 2024, na kabla yake ulikatwa NHIF. Hayo makato yapo usaini usisaini, huwezi kuyatoa kwenye nyongeza kana kwamba yameletwa nayo. Ungesema tu asilimia 4 kwa miaka mitatu ni kama 1.3 kwa mwaka, hoja ingesimama yenyewe.

RubaniMdogo_Manda
Mwalimu ulikuwepo Shela? Uliliona hilo dafu?

HesabuZaMwalimu
Dafu halihusiani na asilimia.

RubaniMdogo_Manda
DAFU NDIYO ASILIMIA YENYEWE

NahodhaMstaafu
Vijana tulieni niseme moja. Marekani, Februari 2009, ndege ya shirika dogo la mikoani ilianguka karibu na Buffalo, wakafa 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Makosa yalikuwa ya urubani, lakini uchunguzi ulipochimba ikaonekana rubani msaidizi alisafiri usiku kucha toka Seattle ndiyo afike kazini Newark, na mshahara wake ulikuwa mdogo mno. Kuanzia 2013 wakalazimisha rubani msaidizi awe na saa 1,500 za kuruka, zamani 250 zilitosha. Marubani wakaadimika, na 2022 mashirika madogo yaliyo chini ya American Airlines yakapandisha anayeanza tu mpaka dola 90 kwa saa. Kwa hivyo mshahara wa rubani si mambo ya rubani peke yake, na sisi tunaokaa viti vya nyuma tumo. Msisaini kwa pupa.

RubaniMdogo_Manda
Dola 90 kwa saa!!! Na mimi mikoko!

Kijana_wa_Mkomani
Mzee Nahodha katoa darasa kwenye uzi wa dafu 😂 Ila mkigoma pia mjue, Novemba 2022 marubani wa shirika la taifa, Kenya Airways, waligoma siku chache tu mahakama ikawarudisha kazini. Na wale walikuwa mamia. Nyinyi mko wangapi, meza mbili pale darini?

RubaniMdogo_Manda
Meza moja na nusu. Ile nusu aliweka miwani. Alipoivua leo kwa mara ya kwanza nilidhani anataka kututazama, kumbe aipangusa.

Samaki_Baridi_MLD
Samahani kwa kuingilia, mimi niko Malindi. Nyinyi marubani kabla ya kudai kitu mniambie kapu langu la samaki wa changu liko wapi. Lilikuwa lipande na mimi kwenda Nairobi, mkapima mkasema limepita kilo 15, mkalishusha, mkasema litakuja na ndege inayofuata. Lilikuja kesho yake. Mmewahi kufungua kapu la changu la jana kwenye sebule ya wakwe?

RubaniMdogo_Manda
Mimi sipimi samaki.

Samaki_Baridi_MLD
Lakini uliliona likishuka, ulikuwa dirishani unaangalia mandhari

Punda_wa_Langoni
😂😂😂😂 Huyu kaua uzi

BiKhole
Mimi shida yangu ni boti. Nashuka Manda na mtoto mgongoni, nimezaliwa hapa, babu yangu kazikwa hapa, kijana ananitajia bei ya mtalii kisha aniuliza "first time Lamu?" Hilo nalo nilifungulie uzi?

Kijana_wa_Mkomani
Bi Khole ulikuwa umevaa nini mpaka akakudhania mgeni

BiKhole
Buibui.

Jelato_Casuarina
Ndiyo maana mimi natua Malindi, natoka na miguu yangu napanda tuktuk, mambo ya kuvuka bahari na masanduku kichwani nimewaachia.

Kijana_wa_Mkomani
Malindi mnajisifia nini, menyu zenu hata hamzisomi mpaka aje Mtaliano awatafsirie

Jelato_Casuarina
Yakhe hapa jirani yetu Ngomeni setilaiti imerushwa baharini tangu 1967, nyinyi mpaka leo mwabishania ndege ya propela

Kijana_wa_Mkomani
Waliorusha ni Wataliani. Nyinyi mlikuwa mwaangalia mandhari

HesabuZaMwalimu
Kwa usahihi, toka kwenye lile jukwaa la Ngomeni walirusha mpaka 1988, kisha wakaacha.

Samaki_Baridi_MLD
Mwalimu wewe huwa unalala saa ngapi

RubaniMdogo_Manda
Wadau turudi kwenye mada. Ijumaa ni keshokutwa na yule kapteni mtu mzima anasema yeye atasaini, ana watoto chuo, hana nguvu ya kubishana na mtu anayejibu kwa dafu. Nami nikibaki peke yangu nitakuwa nani?

Punda_wa_Langoni
Utakuwa mandhari

BiKhole
Jamani kuna mtu anamjua nahodha wa boti mwenye bei ya watu? Navuka tena Jumamosi.

MamaMahamri
Bi Khole nitumie ujumbe, mpwa wangu ana boti. Na wewe mwanangu rubani, hiyo hoteli ya Shela dafu wauza shilingi ngapi? Nina wageni wiki ijayo.