Kumtoa kasuku juani bila kumhatarisha

Mlezi, Mombasa

Ndugu zangu, natanguliza salamu. Tunaye kasuku wa kijivu mwenye kibali, tuliyeachiwa na marehemu mjomba wangu, na kwa kuwa tunakaa ghorofa ya tatu, tundu lake limewekwa siku zote kando ya dirisha la kioo linalopata jua la asubuhi. Hivi karibuni alianza kutetemeka na kuanguka kutoka kwenye kijiti chake. Daktari wa mifugo alimpima damu, akakuta kalsiamu imepungua, akamtibu, kisha akatuagiza tumbadilishie chakula na tumpatie jua la nje. Roshani yetu iko wazi, kunguru ni wengi, na joto la huku mnalijua. Je, nimtoe saa ngapi na kwa muda gani? Ni lazima nimkate mbawa? Na kwa nini jua la dirishani halikumtosha?

Daktari wa mifugo, Arusha

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Mwanga na joto hupita kwenye kioo, lakini ile mionzi ya urujuanimno inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D huzuiwa karibu yote na kioo cha kawaida cha dirisha. Bila vitamini hiyo, utumbo haufyonzi kalsiamu ipasavyo hata kama imo kwenye chakula, na kasuku wa kijivu huathirika na upungufu huo kuliko kasuku wengi wengine, hadi kufikia kupatwa na degedege. Ikiwa alikuwa akila alizeti tu, basi tatizo lilikuwa maradufu, kwani mbegu hizo zina mafuta mengi na kalsiamu kidogo. Mpe sukuma wiki kuliko mchicha, kwa kuwa mchicha una asidi inayoishika kalsiamu isitumike mwilini. Parachichi usimpe kamwe, ni sumu kwake.

Mtoe kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi, uanze na dakika 10, kisha uongeze taratibu hadi kufikia nusu saa, mara kadhaa kwa wiki. Tafadhali usimwongezee matone ya vitamini D kwa kukisia, maana yakizidi hudhuru figo, ilhali ile inayotengenezwa kwa jua mwili wenyewe huidhibiti.

Mfugaji wa ndege, Tanga

Naongeza jambo moja tu kuhusu joto. Ndege hatoki jasho, kwa hiyo funika nusu ya tundu kwa kanga au jamvi ili achague mwenyewe kivuli au jua, na maji yawepo. Ukimwona anatweta mdomo wazi huku ameziachanisha mbawa na mwili, mrudishe ndani papo hapo umnyunyizie maji ya kawaida, si ya barafu.

Bibi Mfugaji, Dar es Salaam

Mwanangu, usimkate mbawa kwa kudhani kwamba umemfungia. Ndege aliyepunguzwa mbawa akishtuka kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, upepo wa bahari unaweza kumchukua mbali, naye akitua barabarani hana uwezo wa kuruka kulikimbia gari au paka. Kinachomlinda ni tundu. Mwingize akiwa ndani ya nyumba, funga madirisha, kisha ndipo umtoe naye akiwa tunduni. Na mlangoni tia kufuli ndogo, kwa kuwa kasuku hujifunza haraka kufungua komeo kwa mdomo.

Kuhusu kunguru, hofu yako ni ya haki. Hawa walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ni wajasiri mno, huja kwa kundi na kudonoa vidole vya ndege kupitia kwenye nyaya. Lisogeze tundu ukutani, uzibe juu na nyuma ili apate mahali pa kujificha, na ukae naye muda wote. Hata kwenda kupokea simu ndani, ingia naye.

Iwapo utanunua tundu jipya la nje, uliza kama waya wake umepakwa zinki. Kasuku hutafuna waya, na zinki humtia sumu. Bora tundu la chuma cha pua, hata likigharimu zaidi. Ukikosa, sugua waya wote kwa brashi na siki, uusuuze vizuri na kuuanika kabla ya kumtia ndani, na uangalie asizoee kuutafuna, maana siki hupunguza zinki tu, haiiondoi yote.