RAV4 2008, taa za ABS zinawaka: kidude cha Bluetooth, mita au mashine kubwa?

Mzee_wa_Sakina
Wakuu, taa ya ABS (breki zisizofunga tairi) na ile ya gari linaloteleza zinawaka pamoja, zinazima, nikipita tuta zinarudi. Kidude changu cha Bluetooth cha kupimia gari hakioni kodi (namba ya kosa) hata moja. Fundi mmoja anataka laki nne aniwekee kontroli boksi ya ABS ya mtumba. Nikapime kwa mashine, ninunue mita, au nimwamini tu?

Umeme_Ngarenaro
Shika hela yako kwanza, mkuu. Vidude hivyo vingi huongea na injini tu. Mashine inayosoma gari zima itakuonyesha kontroli boksi ipi haijibu. Ikitoka U0121, ujue boksi nyingine hazipati majibu ya ABS. Imekufa, imekosa umeme au waya umekatika? Kodi haisemi. Hapo ndipo boksi zisizo na ubovu zinapotupwa.

Bi_Pasua (Moshi)
Mimi naanza na mita, hata ya bei chee. Zima gari, chomoa terminali ya betri, subiri kidogo, pima omu kati ya pini 6 na 14 kwenye soketi ya OBD (ya kuchomekea mashine ya kupima) chini ya usukani. Hizo ni waya mbili ambazo boksi huongelea; kila mwisho wa njia hiyo una rezista ya omu 120, kwa hiyo zikiwa zote mbili utasoma 60 hivi. Ukisoma 120, kuna upande umekatika. Karibu na sifuri, waya mbili zimegusana: chomoa boksi mojamoja jicho likiwa kwenye mita. Magari mengi ya Ulaya yana geti (boksi inayotenganisha mitandao) katikati, huko pini hizo hazikuonyeshi mtandao wote.

Dereva_Pori
Injini ilioshwa kwa maji ya presha lini? Nauliza tu.

Mzee_wa_Sakina
Wiki ile ile 😅 Mrejesho: mashine imetoa U0121, ABS haijibu. Mita imesoma omu 61.

Umeme_Ngarenaro
Basi njia kuu haina ubovu. Limebaki tawi la kwenda ABS, fyuzi na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi). Ethi usiiamini mita: hata ukibaki uzi mmoja, itakusomea volti 12. Chomoa plagi ya ABS, funga balbu ya breki ya wati 21 kati ya laini nene ya umeme na ethi yake.

Mzee_wa_Sakina
Balbu imefifia. Nikihamishia ethi kwenye hasi ya betri, inawaka vizuri. Boliti ya ethi kwenye bodi imejaa kutu, naikwangua sasa hivi. Fundi wa laki nne anapiga simu, sijapokea.