Sinema ya Bessie Smith: kuiacha ajali ya 1937 ni heshima au ni uoga?

Kipepeo wa Ilala
Wadau, jana usiku nimemaliza kuangalia "Bessie", ile ya HBO ya 2015 aliyocheza Queen Latifah, ya maisha ya Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa Marekani. Najua ni ya kitambo, msinianze. Nimeipenda karibu yote, ila imeniachia swali. Inaisha Bessie amekaa na mpenzi wake Richard Morgan, wametulia, basi, majina yanaanza kupanda. Ajali ya barabara ya 61 kule Mississippi, Septemba 1937, haimo. Kaburi lililokaa bila jiwe zaidi ya miaka 30 halimo. Asiyemjua Bessie Smith atazima runinga akidhani mama wa watu alizeeka salama.
Swali: mwongozaji Dee Rees ana haki ya kukata maisha ya mtu wa kweli pale anapoona panapendeza? Tujadili kwa hoja.

Jicho la Tatu
Kwa hoja? Humu? Navuta kiti.

Mzee Gramafoni
Kijana, haki anayo, na swali lako umelielekeza kusiko. Chukua ile ya 1972 ya mwimbaji Billie Holiday, aliyocheza Diana Ross. Mle ndani Louis McKay ni mume mzuri, mvumilivu, anambembeleza Billie aache unga. Mume wa kwanza hata hatajwi. Unajua kwa nini? McKay alikuwa hai, na walimwajiri awe mshauri wa sinema! Mtu ambaye waliomjua Billie walimlalamikia kwa vipigo ndiye aliyekuwa akiwaelekeza ilikuwaje. Kwa hiyo uliza kwanza nani yuko chumbani hadithi inapoandikwa. Kifo kuwemo au kutokuwemo ni jambo dogo.
Halafu Latifah angalau kaimba mwenyewe, si kama yule wa sinema ya Ma Rainey, mwimbaji mwingine wa blues wa zama zile, aliyefungua mdomo tu akasubiri tuzo.

Binti wa Pongwe
"Aliyefungua mdomo tu." Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Unamsema Viola Davis? Yule aliyekaa na meno ya dhahabu, jasho linamtiririka, akagoma kurekodi mpaka aletewe Coca-Cola yake? Kuna mwigizaji gani humu duniani angekaa vile kwenye kiti? Na wimbo mmoja ameimba mwenyewe, tafuta usikilize kabla ya kuhukumu.

Mzee Gramafoni
Marahaba. Wimbo mmoja. Ahsante kwa kunisaidia kuhesabu.

mtoro_wa_kwaya
Naomba niwapatanishe kiufundi. Nyimbo nyingine aliimba Maxayn Lewis, na mwenye masikio anajua ni kwa nini. Ma Rainey alirekodi kwa Paramount kati ya 1923 na 1928, na santuri za Paramount zilikuwa duni, mkwaruzo mtupu. Ile sauti huwezi kuiga kwa miezi michache ya mazoezi kama hukukulia kwenye kuimba. Latifah ana unafuu: Bessie alirekodi Columbia, nyimbo kama 160, na ukizisikiliza unasikia mpaka anavyovuta pumzi.

Nyakati_254
Wazee wa playlist, Jamie Foxx kwa ile ya Ray Charles ya 2004 nyimbo nyingi hakuimba. Sauti ni ya Ray mwenyewe. Oscar akabeba. Angela Bassett naye mwaka wa 1993 alichezesha mdomo, Tina Turner ndiye anaimba, na mpaka leo hakuna mtu amelalamika. Kwa nini ni Viola pekee anaulizwa risiti?

Mzee Gramafoni
Foxx anapiga piano mwenyewe mle, usilinganishe. Ray alimkalisha kwenye piano wakapiga wote wawili kabla hajamkubali. Mwenye maisha yake alikuwa hai, akampima kijana, akaridhika. Ma Rainey amekufa 1939, nani alimpima huyo?
Tumezoea kudanganywa, ndiyo shida. Unalipa kiingilio chako, unakuta kijana anarukaruka juu ya CD, kipaza sauti kiko kiunoni na sauti bado inatoka.

Dogo wa Mabibo
😂 Mzee, mbona umekuja kwetu tena? Sisi na Mississippi wapi na wapi? Na wewe ulimsikia Bessie kwa masikio yako? Umezaliwa mwaka gani?

Mzee Gramafoni
Nimezaliwa wakati mtoto akiingia kwenye mazungumzo ya wakubwa anapiga hodi.

Jicho la Tatu
Dogo, hiyo ni ya kupeleka nyumbani ukaibandike ukutani.

Dogo wa Mabibo
Sawa, mtu mzima amejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza.

Kipepeo wa Ilala
Jamani, ajali.

Msomi wa Kidongo Chekundu
Nakujibu wewe mleta mada maana wengine wamehamia studio. Ajali imeachwa kwa sababu inawaumbua. Bessie alipelekwa hospitali ya wazungu, nadhani Memphis, wakamkataa kwa rangi yake, akavuja damu mlangoni mpaka akakata roho. Kila mtu analijua hili. HBO hawakutaka watazamaji wao walale vibaya. Mwisho wa mjadala.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, hiyo hadithi nami niliisikia nikiwa chuo na niliiamini. Haikuwa hivyo. Ilikuwa usiku, Richard Morgan anaendesha, wakagonga lori kwa nyuma karibu na Clarksdale. Akatokea daktari mmoja kutoka Memphis, Hugh Smith, mzungu, anakwenda kuvua samaki, akasimama kumhudumia pale pale barabarani. Mkono wa kulia ulikuwa umekaribia kukatika kwenye kiwiko. Wakiwa bado pale, likaja gari jingine likaligonga gari la daktari. Bessie akapelekwa hospitali ya watu weusi ya Clarksdale, ya G.T. Thomas. Huko ndiko alikofia asubuhi. Jengo lilikuja kuwa hoteli baadaye.
Nimefanya kazi wodi ya majeruhi. Mkono ule, na majeraha ya ndani, mwaka 1937, hata ungempeleka wapi ni majaliwa.

Msomi wa Kidongo Chekundu
Kwa hiyo unawatetea.

Muuguzi Mstaafu
Wapi nimetetea?

Msomi wa Kidongo Chekundu
Unasema daktari mzungu alikuwa mwema, hospitali ilikuwa safi, Mississippi ya 1937 ilikuwa peponi. Nimekuelewa mama.

Muuguzi Mstaafu
Hujanielewa hata kidogo. Hakukataliwa, kwa sababu hakuna dereva wa gari la wagonjwa kule ambaye angethubutu kumpeleka ya wazungu. Walijua njia. Mji mdogo vile una hospitali mbili na mtu anachaguliwa ya kufia kwa rangi yake, halafu wewe unataka mpaka mlango ufungwe ndipo uone ubaya?
Na hiyo ya kukataliwa ilienezwa na John Hammond, aliandika kwenye gazeti la muziki la Down Beat mwaka ule ule, kwa maneno ya kusikia. Ndiye aliyemrekodi Bessie mara ya mwisho 1933. Baadaye mwandishi Edward Albee akaifanya mchezo wa jukwaani, ndipo ikawa kama aya. Hammond yumo kwenye sinema, nenda kamtazame anavyoingizwa, kijana mwema mwenye pesa.

Nyakati_254
Hii ya Muuguzi ndiyo post ya maana humu na hakuna mtu ataijibu.

Msomi wa Kidongo Chekundu
Mimi niliambiwa na mwalimu wangu wa historia, na alikuwa na shahada mbili.

Jicho la Tatu
Moja kwa kila hospitali.

Mpemba Halisi
Asalaam aleikum. Miye nina langu. Hiyo sinema niliiacha nusu kwa yale mambo ya Bessie na yule mwanamke Lucille. Tena na Ma Rainey naye amevaa suti ya kiume. Hayo yametiwa na watu wa leo kwa ajenda zao, zama zile hayakuwapo. Ukitaka kumheshimu marehemu usimpake usilolijua.

Binti wa Pongwe
Waaleikum salaam, ami. Lucille kweli ni wa kubuni, wamechanganya watu kadhaa wakamfanya mmoja. Hilo nakupa. Lakini zama zile hayakuwapo? Ma Rainey mwenyewe alirekodi "Prove It on Me Blues" 1928, anaimba kuwa alitoka na wenzake, wote wanawake, na kwamba anavaa kola na tai. Tangazo la santuri likamchora kwa koti la kiume, na polisi kwa mbali wanamtazama! Paramount walilichapisha wakitaka kuuza, hakuna wa leo aliyetia kitu. Na ya Bessie alisimulia Ruby Walker, mpwa wa mumewe Jack Gee, aliyesafiri naye kwenye maonyesho. Mwandishi Chris Albertson akayaandika kwenye kitabu 1972. Huwezi kusema hatukuambiwa.

Mpemba Halisi
Nimesema langu, sikuomba darsa. Na siri ya mtu hata kama yaijua jirani si lazima uiweke kwenye kioo cha runinga watoto wanatazama.

Kipepeo wa Ilala
Hapo ami umegusa swali langu kwa mlango wa nyuma. Wewe unataka waache hili, mimi nalalamika wameacha lile. Nani aamue?

Mpemba Halisi
Waamue wa nyumba yake.

Binti wa Pongwe
Wa nyumba yake? Jack Gee? Yule aliyetumia pesa za Bessie kumtengenezea mwanamke mwingine, Gertrude Saunders, onyesho lake? Mwimbaji ambaye Columbia walimlipa kwa wimbo, mrabaha hakuna, halafu kaburi lisipate jiwe mpaka Agosti 1970, aliponunua Janis Joplin akishirikiana na Juanita Green, ambaye utotoni alikuwa akimfanyia Bessie kazi za ndani. Hao ndio waliomkumbuka. Nyumba gani unaisema?

Mzee Gramafoni
Mnaona? Hilo ndilo nililolisema mwanzo kabisa kuhusu McKay. Wote mlirukia Viola.

Dogo wa Mabibo
Viola ulimleta wewe, mzee.

mtoro_wa_kwaya
Na bado hujajibu: Beyoncé alimwimba mwimbaji Etta James mwenyewe kwenye ile sinema ya 2008 ya kampuni ya santuri ya Chess Records, kwa sauti yake. Etta alikuwa bado hai. Mwaka uliofuata Beyoncé kaimba "At Last" kwenye dansi ya kuapishwa kwa Obama, Etta akapanda jukwaani kwake akamponda mbele za watu. Kwa hiyo kuimba mwenyewe nako si ulinzi. Mwenye wimbo akikukasirikia amekukasirikia.

Mzee Gramafoni
Etta alikasirika kwa sababu hakualikwa yeye. Usichanganye wivu na usanii.

mtoro_wa_kwaya
Sasa hapo ni wewe unamsemea mtu maisha yake. Karibu kwenye kazi ya uongozaji.

Jicho la Tatu
Mzee kapigwa na mwanakwaya. Nimeishi kuona mengi.

Mpemba Halisi
Nyie mwapigania wa watu. Siti binti Saad alirekodi Bombay 1928, wakati huo huo wa Bessie wenu, mtoto wa maskini vile vile, auza vyungu na kuimba njiani. Sinema yake iko wapi?

Mzee Gramafoni
Naam! Lakini ataimba nani?

Mpemba Halisi
Aimbe mwenyewe, santuri zipo.

Dogo wa Mabibo
Yaani mwigizaji afungue mdomo tu? 😂😂 Mzee Gramafoni njoo ujibu.

Mzee Gramafoni
Ya Siti ni tofauti.

Dogo wa Mabibo
Tofauti vipi?

Binti wa Pongwe
Mwache, anatafuta.

Kipepeo wa Ilala
Ya Siti fungueni uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia. Narudi kwangu: bado naona sinema ya saa mbili iliyopata nafasi ya kuonyesha Bessie anawafukuza Klan, wale wabaguzi wa Ku Klux Klan, hemani kwake, ingepata dakika tano za barabara ya 61. Yale ya hema yalitokea North Carolina, 1927, aliwatukana mpaka wakaondoka kisha akarudi jukwaani kumalizia. Nimeshangilia. Sasa mkinionyesha ushindi tu, nimetazama nini?

Muuguzi Mstaafu
Mimi nilishukuru hawakuweka. Kila mwimbaji mweusi wa kike akitengenezewa sinema lazima tumwone kitandani anakata roho, sindano pembeni, askari mlangoni. Billie tumeshamwona akifa mara ngapi? Huyu mmoja wamemwacha akiwa mzima ukingoni mwa maji. Mwongozaji alijua watu wameshamsoma Bessie kupitia kile kifo kwa miaka zaidi ya sabini, na kifo chenyewe kimesimuliwa kwa uongo.

Kipepeo wa Ilala
Basi angesahihisha huo uongo. Ungekuwa umejibu wewe na Msomi kwa pamoja.

Msomi wa Kidongo Chekundu
Uongo wa nani? Nimewaambia mwalimu alikuwa na shahada mbili.

Nyakati_254
Swali tofauti. Bessie mwenyewe aliwahi kuonekana kwa filamu ama tunabishana juu ya mtu hakuna amemwona?

Binti wa Pongwe
Yupo. "St. Louis Blues" ya 1929, fupi, kama dakika 15 hivi, kaiongoza Dudley Murphy. Ndiyo pekee tuliyonayo. Na ukiitazama inauma kwa namna nyingine: mama ambaye miaka miwili nyuma alifukuza Klan, hapo wamempa awe mwanamke anayesukumwa chini na mwanamume wake mcheza kamari, anaanza wimbo akiwa bado sakafuni. Kwaya inaitikia, yeye ameegemea kaunta na bilauri yake. Alikuwepo, alilipwa, alikubali, na bado hayakuwa maisha yake.

Mzee Gramafoni
Lakini sauti ni yake, na wamerekodi pale pale.

Dogo wa Mabibo
Inapatikana wapi?

Binti wa Pongwe
Andika jina lake na 1929 kwenye YouTube, itakuja. Mwanzo ni watu wanacheza kete tu, ruka.

Mzee Gramafoni
Usimfundishe mtoto kuruka.