Jumapili moja Lushi (Lubumbashi) na mgeni: zoo, makumbusho ao Kipopo?

Kijana_BelAir
Bandugu, jambo. Nina mgeni anafika Ijumaa usiku, na Jumapili ndiyo siku yangu moja tu ya kumtembeza. Nimebaki na sehemu tatu: zoo, makumbusho, ao Kipopo kule kwenye ziwa. Mnisaidie kuchagua.

Mama_Kamalondo
Mwanangu, mgeni gani? Ni mmoja ao ni kumi? Beko na batoto? Una gari ao mtapanda teksi? Unaomba dawa na hujasema kinachouma.

Fundi_Shaba
Makumbusho. Mpeleke akaone misalaba ya shaba. Kabla Mzungu hajafika, watu wa huku waliyeyusha shaba wakaimwaga kwenye umbo la msalaba, na hiyo ndiyo ilikuwa feza yao: unaoa nayo, unanunua nayo, na ukifa unazikwa nayo. Akishaona ule msalaba hatakuuliza tena kwa nini mji umejengwa hapa. Ila Jumamosi pita mlangoni uulize kama kesho yake wanafungua, usije ukamfikisha kwenye kufuli.

Papa_Reli
Fundi, makumbusho ni ya wanafunzi na daftari zao. Jumapili ni zoo. Kuna miti, kuna kivuli, mtu anakaa na Simba yake ya baridi (bia, ile ya chupa). Ingieni asubuhi. Saa nane mchana kumeshajaa maharusi na wapiga picha, utarudi umeona magauni kuliko wanyama.

Mama_Kamalondo
Kuhusu kwenda ziwani niulizeni mimi. Jina la mahali naliacha, sitaki maneno. Tulienda watu tisa, mwezi wa kwanza, mvua ndiyo yenyewe. Tukaagiza samaki saa sita. Saa saba: "anakaangwa, mama." Saa nane: "anageuzwa." Saa tisa na nusu nikaingia jikoni mwenyewe. Makala yamelowa, kijana anapepea na kifuniko cha sufuria, na samaki wangu yuko kwenye beseni, jicho linanitazama! Alipokuja mezani, juu ameungua, kwenye mfupa bado damu. Batoto walishakula sukari yote ya chai. Halafu karatasi ya malipo: samaki, bukari (ugali), na mstari wa chini umeandikwa "viti". Viti, bandugu! Tulilipia kukaa. Kurudi, gari likazama kwenye tope, tukasukuma na nguo za kanisani. Tangu siku ile nikienda kwenye maji nabeba chakula changu.

Mwana_wa_Kenya
😂😂 "anageuzwa"! Yaya, samaki wako aligeuzwa akiwa hai.

Kijana_BelAir
Pole mama. Samahani, niliacha mambo mengi. Mgeni ni mjomba wa baba yangu, miaka 76, anatembea na fimbo. Gari sina. Na si mgeni kabisa: alikuwa kijana hapa, akaondoka 1974. Kwenye simu anauliza kitu kimoja tu: kama bomba la moshi la kiwanda cha shaba lingali linasimama.

Fundi_Shaba
Sasa hilo ulipaswa kuliandika kwanza kabisa! Mzee wa hivyo unamwonyesha nyani? Mpeleke mahali anapoona bomba na ule mlima mweusi kwa pamoja. Kuupanda hapana, lile ni eneo la kiwanda, na usitoe simu kupiga picha kabla ya kuongea na walinzi. Mfafanulie kwamba mlima umepungua. Ule ni uchafu wa tanuru uliomwagwa tangu shaba ya kwanza ya 1911, baadaye wakagundua ndani mna kobalti, wakaanza kuula.

Papa_Reli
Na hiyo shaba ingetokaje bila reli? Treni ilifika hapa 1910. Anzia gari la moshi, Fundi. Mzee akae mbele ya stesheni, hapo hakuna ngazi.

Mwana_wa_Kenya
Papa Reli kila kitu anakirudisha kwenye reli, kwa sababu ya Lupopo yake, timu ya mpira ya watu wa reli. Mpelekeni mzee Kamalondo aone uwanja wa Mazembe, timu yetu ya hapa Lushi. Alipoondoka tulikuwa na vikombe viwili vya Afrika, 67 na 68. Sasa ni vitano.

Papa_Reli
Na ile fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya 2010 na Inter ya Italia mlifungwa ngapi?

Mwana_wa_Kenya
Tatu. Lakini timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile ni nani? Kipa wetu Kidiaba aliruka na matako dunia nzima ikatazama. Nyinyi mliruka wapi?

Mama_Kamalondo
Muache mpira, mzee ana fimbo. Kijana, umesema gari huna. Teksi ya siku nzima ao ya safari moja moja? Na anakula nini? Miaka hamsini nje, huyu anataka michopo (nyama ya kuchoma) na munkoyo (kinywaji cha mahindi), hataki ziwa.

Kijana_BelAir
Mama, meno ya kutafuna michopo sijui kama anayo. Nitamuuliza leo jioni. Kipopo nimeifuta. Kati ya zoo na stesheni bado.

Fundi_Shaba
Na makumbusho?

Papa_Reli
Ngazi, Fundi. Ngazi.

Fundi_Shaba
Ngazi ngapi? Umeshaingia lini wewe?