Harold na Kumar: Waasia wameshika usukani, wanawake wamewekwa kwenye buti?

Mwanzisha mada: Wakuu, juzi nimeirudia Harold & Kumar Go to White Castle ya mwaka 2004. Vijana wawili wa New Jersey wamevuta bangi, njaa imewashika, usiku kucha wanasaka baga. Hadithi ndiyo hiyo, hakuna zaidi. Ila Harold ana asili ya Korea na Kumar ni Mhindi, na safari ni yao. Hawakupewa lifti na shujaa wa Kizungu. Hata tangazo lake lilitania jambo hilo: waigizaji wake, John Cho na Kal Penn, waliitwa yule Mwasia wa filamu ya American Pie na yule Mhindi wa filamu ya Van Wilder.

Kwangu mimi filamu hii imewafaa Waasia kuliko filamu nyingi za machozi. Kumar ana kichwa cha kusomea udaktari, lakini usaili anauharibu kusudi. Harold anatupiwa kazi za wenzake ofisini, eti Waasia wanapenda hesabu. Mzungu akifanya upuuzi kwenye sinema, anaonekana mpuuzi yeye peke yake. Hawa wawili nao wamepata nafasi hiyo. (Sisi wenyewe, Mhindi kwenye vichekesho vyetu bado hajaruhusiwa kutoka dukani.) Mwenye kupinga apinge.

BintiKisauni: Napinga mimi. Maria, anayemkosesha Harold usingizi, ana kazi gani zaidi ya kupanda lifti ya jengo lao na kupendeza? Wale mabinti wa Chuo Kikuu cha Princeton wameletwa kwa ajili ya kichekesho cha chooni, basi. Cindy Kim, Mkorea mwenzake Harold, anaonyeshwa kama mtu wa kukimbiwa.

Mwanzisha mada: Dada, vichekesho vya vijana vya enzi zile vyote vilikuwa hivyo.

BintiKisauni: Na vyote vilikuwa na mashujaa Wazungu, sivyo? Hapo mbona waliweza kubadilisha? Waandishi, Jon Hurwitz na Hayden Schlossberg, waliliona tatizo la rangi wakalicheka vizuri kabisa. La wanawake lilikuwa mbele ya macho yao pia.

Mkaa Siti ya Nyuma: Mnamsahau Tarik, yule Mweusi wa sero. Kakamatwa kwa kuwa kuna Mweusi mwingine kaiba Newark. Ametulia, anasoma kitabu, anampa Harold busara. Harold anatoroka, yeye anabaki na polisi. Onyesho kali kuliko yote mle, lakini ni Mweusi yuleyule wa Hollywood: anamfunza mwenzake, kisha safari inaendelea bila yeye.

Mwanzisha mada: La Tarik nakubali, limenichoma. La wanawake bado nabisha: mlango ulipofunguliwa, wengine nao walipita. Joy Ride, filamu ya mwongozaji mwanamke Adele Lim, ni safari ya marafiki wanne wenye asili ya Asia, wachafu wa mdomo kuliko Kumar.

BintiKisauni: Ya 2023 hiyo, mkuu. Miaka 19 tangu baga.