Mrejesho: namba za risiti, ghala la viazi Uyole

Wakuu, niliomba msaada kuhusu mfumo wa risiti wa ghala la viazi hapa Uyole: tulihamisha data ya zamani kwenda PostgreSQL (programu ya hifadhidata), kisha kila risiti mpya ikawa inakataliwa kwamba namba tayari ipo. Sasa imekaa sawa.

Aliyeshauri ALTER SEQUENCE (amri ya kubadilisha sikwensi, yaani kihesabio kinachogawa namba za risiti) na START WITH, asante mkuu, lakini haikusogeza kitu. START inatunza tu namba ya kuanzia kwa siku utakapoamuru RESTART. Iliyofanya kazi ni hii:

ALTER SEQUENCE risiti_id_seq RESTART WITH 48211;

Yaani namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali, jumlisha moja. Data iliingia na namba zake mkononi, kwa hiyo sikwensi haikuguswa, ikawa inagawa 1, 2, 3 kama vile ghala limefunguliwa jana.

Halafu kuna CACHE, yaani idadi ya namba ambazo kila muunganisho wa hifadhidata unajitengea mapema. Ilikuwa 50, nimeirudisha 1. Kila muunganisho ulikuwa unajichotea namba 50 kabisa: dirisha la kwanza linatoa 48215, la pili 48262, na mhasibu anauliza risiti za katikati kazila nani. Ukishabadilisha, funga miunganisho yote uifungue upya, maana iliyokwisha kuchota inaendelea na zake.

Mapengo machache bado yatatokea, kwani muamala ukighairiwa namba hairudi. Mhasibu kagoma kuelewa hilo, basi namba zake zisizoruka tunazitengenezea safu ya peke yake, nje ya sikwensi.